Jinsi Hali ya Maisha Inavyoathiri Ufanisi wa Huduma za Afya Wilayani Rufiji

Katika mikutano ya vijiji hurudi mara kwa mara swali ambalo aghalabu hupewa jibu fupi kuliko linavyostahili. Zahanati mbili zina jengo la ramani moja, watumishi wa idadi moja na mgao wa fedha unaolingana. Kwa nini basi moja huhudumia watu wengi na dawa zake hutosha, ilhali nyingine ina wagonjwa wachache na bado dawa huisha kabla ya wakati? Wananchi husema watumishi wa zahanati ile ya pili ni wavivu. Watumishi, wakiwa peke yao, husema wananchi wa kijiji kile hawaelewi. Yapo mahali ambapo jibu mojawapo ni la kweli, wala makala hii haikuandikwa kumtetea mtumishi anayefunga mlango saa sita mchana. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tofauti hiyo haimo ndani ya zahanati. Imo mtoni, mashambani, katika msimu wa kuuza ufuta, na katika namna kaya inavyoamua nani apelekwe kutibiwa na lini.

Kwanza tuelewane kuhusu neno ufanisi. Ufanisi wa huduma za afya si wingi wa wagonjwa, wala si bidii ya muuguzi peke yake. Ni uwiano kati ya kile kinachowekwa katika huduma, yaani fedha, dawa, vifaa na saa za watumishi, na kile kinachopatikana, yaani watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua salama na wagonjwa waliopona. Muuguzi anaweza kufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku, na bado ufanisi wa kituo chake ukawa mdogo kwa sababu asizoweza kuziondoa yeye.

Kichupa cha chanjo

Mfano ulio wazi kuliko mingine ni mdogo kiasi cha kuenea kiganjani. Chanjo ya surua na rubela huja katika kichupa chenye dozi 10. Chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu mkononi, huja katika kichupa chenye dozi 20. Zote mbili ni unga mkavu unaochanganywa na maji yake maalumu wakati wa kutumika, na zikishachanganywa hazina muda mrefu: baada ya saa 6 kilichobaki lazima kimwagwe, hata kama kimehifadhiwa kwenye baridi, kwa kuwa vijidudu vinaweza kuota ndani yake na kumdhuru mtoto.

Sasa tuchukulie kwamba katika kijiji cha kwanza nyumba zimekaribiana, na siku ya kliniki wanafika watoto tisa wa kuchanjwa surua. Muuguzi anafungua kichupa kimoja, na dozi moja tu inapotea. Katika kijiji cha pili kaya zimetawanyika mashambani, na siku hiyo wanafika watoto wawili. Akifungua kichupa, dozi nane zitamwagwa. Asipofungua, atalazimika kuwaambia mama wawili warudi wiki ijayo, na huenda mmoja wao ametembea saa mbili akiwa na mtoto mgongoni. Kanuni njema ya chanjo ni kwamba mtoto aliyefika asirudishwe, kwa maana dozi nane zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mlipuko wa surua. Lakini angalia yatokanayo. Mshahara wa muuguzi ni uleule, nishati ya jokofu la chanjo ni ileile, safari ya kuleta chanjo kutoka wilayani ni ileile, na kichupa kilichotumika ni kimoja. Katika kijiji cha kwanza gharama yote hiyo imegawanywa kwa watoto tisa, katika cha pili kwa wawili. Mtu akisoma taarifa mbili hizo akiwa ofisini ataona upotevu wa chanjo katika kijiji cha pili na kuandika pembeni neno uzembe. Kumbe hakuna aliyezembea. Kilichotofautiana ni mahali watu wanapolala usiku.

Mto, uhamisho na madungu

Kwetu Rufiji suala la mahali watu wanapolala lina historia yake. Wazee wetu waliishi bondeni, kando ya mto, kwa sababu mto ndio uliowalisha. Maji yakijaa huacha udongo wenye rutuba. Yakipungua, mkulima hupanda mlau, mazao yanayostawi kwa unyevu ulioachwa na mafuriko hata mvua isiponyesha. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wananchi kutoka bondeni kwenda ardhi ya juu, miaka kadhaa kabla ya operesheni ya vijiji kuenea nchi nzima. Nia ilikuwa njema: watu waondokane na mafuriko na wasogezewe shule, maji na zahanati. Lakini mashamba hayakuhama. Yalibaki bondeni, na mkulima akabaki na makazi mawili: nyumba yake ya kijijini, na dungu lake shambani.

Asiyelijua dungu aelezwe kwamba ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo familia hulala wakati wa kilimo ili kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, ndege na nyani, na ili kuepuka maji yanapopanda. Kaya nyingi huhamia huko baada ya kupanda na hukaa hadi mavuno. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa ya mwaka zahanati iko kijijini na wagonjwa wako bondeni. Miezi hiyo ndiyo ya masika, ambapo mbu huzaliana kwa wingi, maji safi hupatikana kwa shida, na njia za miguu hukatika. Kwa maneno mengine, huduma huwa mbali zaidi na watu wakati uleule wanapoihitaji zaidi.

Jambo hili halionekani katika hesabu za kawaida. Ukigawa idadi ya wakazi kwa idadi ya vituo, utapata wastani unaopendeza. Ukichora ramani na kupima umbali kutoka kituo hadi katikati ya kijiji, utakuta wengi wako karibu. Lakini wastani huo ni wa Agosti. Wa Aprili ni mwingine, na yeyote aliyeyaona mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoingia katika makazi na mashamba ya wilaya yetu na ya jirani zetu wa Kibiti, hahitaji kuelezwa tofauti.

Msimu huathiri hata dawa. Kituo huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kuangalia kiasi kilichotumika katika kipindi kilichopita. Utaratibu huu ni wa busara mahali ambapo maradhi hayabadiliki sana mwaka mzima. Mahali ambapo malaria hupanda na kushuka pamoja na mvua, mfawidhi anayeagiza kwa matumizi ya miezi ya kiangazi hupokea dawa za kiangazi wakati masika yamekwisha kuingia, na anayeagiza kwa matumizi ya masika hupokea shehena kubwa wakati wagonjwa wamepungua. Hapo ndipo linapotokea lile jambo linalowakera wananchi kwa haki kabisa: kituo kilekile kukosa dawa mwezi wa nne, na kuteketeza dawa zilizopitwa na muda miezi kadhaa baadaye. Mfawidhi mzoefu hurekebisha oda yake kwa kukumbuka mwaka uliotangulia. Mgeni aliyehamishiwa hapa kutoka mkoa wenye majira tofauti hana kumbukumbu hiyo, na ni vyema wananchi wampe.

Fedha huja wakati wake, ugonjwa wakati wake

Hali ya uchumi nayo ina kalenda. Mapato ya kaya nyingi za wilaya yetu hayaji kila mwezi kama mshahara. Ufuta huanza kuuzwa kuanzia Juni, korosho kuanzia Oktoba, na mpunga hutegemea mavuno na bei. Kuanzia Februari hadi Mei mifuko huwa mikavu, na akiba ya chakula nayo hupungua. Kama tulivyoona, hiyo ndiyo miezi ya homa.

Mgonjwa anayetakiwa kulipa papo kwa papo katika miezi hiyo hufanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: husubiri. Hununua vidonge viwili vya maumivu dukani na kuangalia kama homa itashuka. Hufika kituoni siku ya tatu au ya nne, akiwa amezidiwa. Malaria ambayo siku ya kwanza ingetibiwa kwa dawa mseto ya siku tatu, kwa gharama ndogo, siku ya nne huhitaji sindano, kitanda, pengine damu, na gari la wagonjwa hadi hospitali. Kwa kituo, mgonjwa mmoja aliyechelewa anaweza kutumia muda na vifaa ambavyo vingehudumia wagonjwa wengi waliowahi. Umaskini wa msimu, kwa hiyo, haumwumizi mgonjwa peke yake. Huongeza gharama ya kila huduma inayotolewa na hupunguza idadi ya watu ambao fedha zilezile zingewatibu.

Ndiyo sababu ya kuwapo kwa bima. Mfuko wa Afya ya Jamii uliobuniwa upya, ulipoanza mwaka 2018, ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Wengi walikiona kiwango hicho kuwa kikubwa, na kwa mwezi wa Machi ni kikubwa kweli. Kwa mwezi wa Julai, baada ya mnada wa ufuta, si kikubwa. Siri ya bima kwa mkulima ni kuchukua fedha ya mwezi wa mavuno na kuitumia kutibu homa ya mwezi wa njaa. Lakini siri hiyo hufanya kazi ikiwa watu hujiunga wakiwa wazima. Kaya zinazosubiri hadi mtu augue ndipo zijiunge huufanya mfuko ujae wagonjwa watupu, na mfuko wa wagonjwa watupu hauwezi kuwalipa watoa huduma kwa wakati. Jambo hili liliusumbua mfuko wa zamani katika wilaya nyingi, na ni mojawapo ya sababu za Bunge kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023.

Kuna upande mwingine wa uchumi usiozungumzwa sana. Kwa mujibu wa sera, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza wenye umri wa miaka 60 na kuendelea hupata huduma bila malipo. Ni sera ya haki. Lakini katika zahanati ya kijijini makundi hayo ndiyo wateja wengi. Kituo kilicho katika kata yenye wafanyabiashara na watumishi wengi hukusanya fedha za uchangiaji na za bima, hununua dawa za kujazia pengo na hulipa mlinzi na mhudumu. Kituo kilicho katika kata maskini hufanya kazi ileile, pengine zaidi, na hukusanya kidogo mno. Miezi ikipita, cha kwanza huonekana kinaendeshwa vizuri na cha pili vibaya. Tofauti ya uendeshaji inaweza kuwapo, lakini mara nyingi ni tofauti ya mifuko ya wateja.

Serikali imelitambua hili kwa kiasi fulani. Fomula iliyoanza kutumika katikati ya miaka ya 2000 kugawa fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya kwa halmashauri iliweka asilimia 70 katika idadi ya watu, na asilimia 10 kwa kila kimoja cha vigezo vingine vitatu: umaskini, vifo vya watoto chini ya miaka mitano, na urefu wa njia zinazopitiwa na magari ya huduma. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko huo zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za benki za vituo vyenyewe, badala ya kukaa makao makuu ya halmashauri. Hatua hiyo iliipa kamati ya kituo uwezo wa kuamua kufuatana na mazingira yake. Kama uwezo huo unatumika ipasavyo kila mahali ni suala jingine, na tutalirudia mwishoni.

Kilichofanyika hapa hapa

Wakazi wengi, hususan vijana, hawajui kwamba wilaya yetu imo katika vitabu vinavyosomwa duniani kuhusu suala hili hasa. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini zinaweza kupunguza vifo kwa kiasi kikubwa kwa fedha kidogo, iwapo fedha hizo zitaelekezwa kwenye maradhi yanayoua zaidi. Wizara ya Afya, kwa kushirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Canada, iliamua kulijaribu dai hilo katika wilaya mbili: Rufiji, ambayo wakati huo ilijumuisha Kibiti, na Morogoro. Mradi huo ulijulikana kwa kifupi kama TEHIP, na uliendelea hadi mwaka 2004.

Hatua ya kwanza haikuwa kugawa dawa. Ilikuwa kuhesabu. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika kila mtu aliyezaliwa, aliyehama na aliyefariki. Palipotokea kifo, walirudi baadaye na kuzungumza na wafiwa kwa upole ili kujua dalili alizokuwa nazo marehemu. Wazee wanaokumbuka kuulizwa maswali hayo ndio waliotoa taarifa iliyokuja kubadili bajeti.

Taarifa hiyo ilipolinganishwa na matumizi, mambo ya ajabu yalionekana. Huko Morogoro, malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyopotea, lakini ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti. Maradhi ya watoto yanayoweza kutibiwa kwa pamoja, kama vichomi na kuhara, yalichukua asilimia 28 ya miaka hiyo na kupewa asilimia 13 ya fedha. Kifua kikuu, kilichochukua chini ya asilimia 4, kilipewa asilimia 22. Hakuna aliyeiba. Kifua kikuu kilikuwa na mpango wake wa kitaifa wenye wafadhili na miongozo, kwa hiyo fedha zilikifuata. Wala si vibaya kukipiga vita, maana kikiachwa huenea. Tatizo ni kwamba bajeti ilifuata mazoea na wafadhili, na haikufuata makaburi.

Wilaya hizo ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Cha kushangaza ni kwamba hazikuweza kuzitumia zote. Kwa wastani zilitumia chini ya dola moja. Ukosefu wa fedha, uliodhaniwa kuwa ndio tatizo lote, ulikuwa sehemu tu ya tatizo. Kilichohitajika zaidi ni timu ya wilaya kuonyeshwa kwa picha rahisi, kwa michoro ya rangi, ni ugonjwa gani unaoua kiasi gani na fedha zinakwenda wapi, kisha kupewa ruhusa ya kuamua. Fedha zikahamishiwa kwenye mafunzo ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya dalili moja, na kwenye vyandarua vyenye viuatilifu. Vituo vya afya vikapewa jukumu la kusimamia zahanati za jirani, ili msimamizi asisafiri kutoka makao makuu kila mara. Redio za mawasiliano zikafungwa ili zahanati iweze kuomba msaada bila kumtuma mtu kwa baiskeli. Wananchi nao wakakarabati zahanati zao kwa nguvu zao wenyewe.

Katika miaka ipatayo mitano, vifo vya watoto chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Si haki kudai kwamba upungufu wote huo ulitokana na bajeti kupangwa vizuri. Vyandarua vilikuwa vinaenea, na katika kipindi hicho Daraja la Mkapa lilifunguliwa, mwaka 2003, likiondoa adha ya kusubiri kivuko pale Ndundu. Lakini haiwezekani pia kupuuza kwamba hospitali zilikuwa zilezile, watumishi karibu walewale, mto uleule, na watoto wengi zaidi waliishi.

Nani huamua, na kwa haraka gani

Hesabu zilezile za nyumba kwa nyumba zilitoa funzo la pili, ambalo kwa maoni yetu halikupewa uzito unaostahili. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba watu wa pwani hufa kwa malaria kwa sababu hukimbilia kwa mganga wa kienyeji, hasa mtoto anaposhikwa na degedege. Wahesabuji walipofuatilia safari za matibabu za watu waliofariki kwa malaria hapa Rufiji, walikuta kwamba zaidi ya robo tatu yao walikuwa wametafuta kwanza tiba ya kisasa. Hawakuikataa hospitali. Waliifikia wakiwa wamechelewa, au walifika na wasipate tiba iliyostahili, au walipewa dawa na wasizimalize.

Basi lawama zipunguzwe na maswali yaongezwe. Mama aliye dunguni na mtoto mwenye homa, mume akiwa kijijini au Dar es Salaam, anaweza kuondoka bila kumwuliza mtu? Ana nauli? Nani atalinda mpunga usiku huo? Maswali haya yanaonekana ya kifamilia, lakini ndiyo yanayoamua kama kituo kitatumia dawa ya siku tatu au damu na gari la wagonjwa. Kaya iliyokubaliana mapema kwamba homa ya mtoto haisubiri ruhusa huwa imeipunguzia wilaya nzima gharama, ingawa hakuna jedwali litakalolionyesha hilo.

Kwa wajawazito, sehemu ya tatizo hili imepata ufumbuzi. Mfumo wa m-mama, ulioanza kwa majaribio na baadaye kuenezwa nchini, huwezesha kupiga namba 115 bila malipo pindi mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga anapopata dharura. Gari la wagonjwa likiwa mbali, dereva wa kawaida aliyesajiliwa hutumwa na hulipwa na mfumo, si na familia. Kitaifa, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya uzazi ulifanyika katika vituo, kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015/16. Pasipopita gari, bado ni bodaboda, machela au mtumbwi, na hapo kupanga mapema hakuna mbadala: mama mwenye ujauzito wa miezi minane asibaki dunguni.

Kuipita zahanati

Yapo mazoea mengine ambayo barabara nzuri imeyarahisisha. Mwenye nauli hupanda pikipiki, huipita zahanati ya kijiji chake na kwenda moja kwa moja kituo kikubwa cha mjini, kwa kuwa mara ya mwisho alikosa dawa hapo. Hatumlaumu. Lakini ifuatilie hatua hiyo hadi mwisho. Zahanati iliyopitwa hubaki na wateja wasio na nauli, ambao ndio wenye msamaha wa malipo. Mapato yake hushuka, oda yake ya dawa hupungua kwa kuwa hupimwa kwa matumizi, na mgonjwa wa kesho hukosa dawa zaidi. Huko mjini, daktari anayepaswa kushughulikia upasuaji hutumia asubuhi yake kwa kikohozi na minyoo. Mishahara ya pande zote mbili imelipwa. Upande mmoja umekaa bure, wa pili umezidiwa.

Kuhusu watumishi tuseme machache. Kijiji kisicho na nyumba ya mtumishi, maji karibu wala shule nzuri ya watoto wake hupata mtumishi anayeomba uhamisho tangu wiki ya kwanza. Kila anayeondoka huondoka na ujuzi wa msimu, wa njia na wa watu, na anayekuja huanza upya. Nyumba ya mtumishi haihesabiwi kama dawa, lakini kwa vijiji vya mbali pengine ndiyo matumizi yenye tija kuliko yote.

Yanayoingia katika mpango

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla, kutokana na mipango ya vituo. Mpango wa kituo hupitishwa na Kamati ya Usimamizi wa Kituo, yenye wajumbe wanaotokana na wananchi. Mara nyingi kamati hizo hujadili paa, choo na mlinzi, mambo yanayoonekana kwa macho. Ni nadra kujadili kalenda ya maisha ya watu: lini kitongoji kipo kijijini na lini kipo bondeni, ili huduma ya mkoba ya chanjo na kliniki ifuate watu badala ya kukuta nyumba zimefungwa, lini njia hukatika, ili dawa za malaria ziongezwe kabla ya masika, lini ufuta huuzwa, ili uhamasishaji wa bima ufanyike wiki hiyo na si Machi.

Taarifa hizo hazipo katika kompyuta ya wilaya. Mwenyekiti wa kitongoji anazo, na mkulima yeyote anazo. Kwa kila kitongoji inatosha kuandika miezi ambayo kaya nyingi ziko mashambani, jina la eneo la mashamba hayo, saa za kutembea hadi zahanati wakati wa kiangazi na wakati wa maji, na mahali ambapo watu wengi wanaweza kukusanyika kwa siku moja ya kliniki. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, na wa kukabidhiwa ni katibu wa kamati, ambaye ndiye mfawidhi wa zahanati.